Vijana wa dama kwenye sataranji: hesabu ndefu zinavunjika kwenye jibu la kwanza

PioniWaKadutu, Bukavu

Habari zenu, wapenzi wa ubao.

Nafundisha sataranji kundi la vijana wa miaka 12 hadi 16 hapa Kadutu. Karibu wote wametokea kwenye dama, ile ya vifuniko vya chupa, na kwa dama hawachezewi. Wakikaa kwenye sataranji wanaanza hesabu ndefu papo hapo: mimi hivi, yeye vile, mimi hivi, nimeshinda. Kisha mpinzani anajibu kitu ambacho hakikuwemo kwenye hesabu na yote yanaanguka, mara nyingi kwenye jibu la kwanza kabisa.

Nataka wafikie kuona hatua nne mbele kwa uhakika. Nianzie wapi, na kwa mazoezi gani hasa? Tuna mbao nne, makaye (madaftari) na mabiki (kalamu). Mega za intaneti ni za kuhesabu na umeme wa jioni hauna ahadi, kwa hiyo msinipe mpango unaotaka kompyuta kila siku. Naomba vitu vya kufanya. "Wacheze sana" nimeshaambiwa.

FarasiG5, Lubumbashi

Jambo mwalimu. Chanzo kiko kwenye dama yenyewe. Kule kula ni lazima, na kwenye dama ya miraba 100 ni lazima ule kwa njia yenye pioni nyingi zaidi. Mchezaji akitoa pioni anajua mpinzani atafanya nini, maana sheria imeshaamua. Ndiyo sababu hesabu ya dama inakwenda mbali bila kupotea. Sataranji haimlazimishi mtu kula. Ni esheki tu, yaani mfalme wake kushambuliwa, inayomfunga mikono. Vijana wako wanampangia mpinzani kula kwa sababu kwa miaka yote alikuwa hana ruhusa ya kukataa.

Wawekee mfano huu (herufi ya mraba ni safu ya wima, namba ni mstari wa mlalo). Weupe pioni e4, weusi pioni e5. Farasi f3, weusi pioni d6. Askofu c4, weusi askofu g4. Farasi c3, na weusi wanasogeza pioni g6. Sasa farasi wa f3 anakula pioni ya e5, na malkia wa d1 anabaki wazi mbele ya askofu wa g4.

Kijana wa dama ataona haraka: askofu anamla malkia d1, askofu mweupe anakula f7 na esheki, mfalme hana pa kwenda ila e7, farasi wa c3 anaruka d5, mati, yaani mfalme ameshambuliwa na hana pa kutoroka. Ni sahihi, mwache aifurahie. Pigo hili linaitwa kwa jina la Légal, Mfaransa wa karne ya 18 aliyemfundisha Philidor, bingwa maarufu wa sataranji. Ila muulize: nani amesema weusi watamla malkia? Wana majibu matatu ya kupimwa.

Wakimla malkia, ni mati kama alivyoona. Wakimla farasi wa e5 kwa pioni ya d6, malkia anamla askofu wa g4, na weupe wamezidi pioni moja. Askofu akirudi e6, maaskofu wanabadilishana, farasi anarudi f3, na bado ni pioni moja. Kwa hiyo thamani ya hatua ile ni pioni moja. Mati ni zawadi ikiwa mpinzani amelala. Kijana aeleze hivyo kwa mdomo wake kabla ya kucheza: "Nikicheza hivi napata angalau pioni."

Sasa badilisha kitu kimoja. Rudi nyuma, na badala ya pioni g6 weusi wamtoe farasi wa b8 aende c6. Usiseme kitu, waache wajaribu pigo lile lile. Farasi mweupe anakula e5, lakini mara hii farasi wa c6 anamla hapo hapo e5. Akishafika hapo anamlinda askofu wa g4 na kumshambulia askofu wa c4, wakati malkia wa d1 bado yuko hatarini. Malkia akila g4, farasi anamla. Weupe wametoa farasi mzima kwa pioni moja. Kete moja tu ndiyo imehama, na hatua ya ushindi imekuwa hatua ya kupoteza.

Zoezi lenyewe ni la watu wawili. Mmoja anapendekeza hatua na anaandika kwenye kaye hesabu yake yote. Wa pili kazi yake ni kuivunja, na anatafuta kwa mpangilio: esheki zote kwanza, halafu vyote vinavyolika, halafu vitisho. Akiivunja, pointi ni yake. Asipoweza ndani ya dakika tano, pointi ni ya aliyependekeza. Baada ya hapo wabadilishane viti, wahame kweli, wakae upande ule mwingine wa ubao. Kuuona ubao kutoka kwa mpinzani kunaonyesha mishazari ambayo kutoka kwako ilikuwa imejificha.

MamaNgome, Bukavu

Ndugu FarasiG5 amelishika kubwa. Naongeza lingine: wapo vijana wanaolikumbuka jibu la mpinzani na bado wanaanguka, kwa sababu picha waliyo nayo kichwani imeharibika njiani.

Nikolai Krogius, gwiji wa Umoja wa Kisovieti aliyekuwa pia mwanasaikolojia, alionyesha aina tatu za kuharibika huko, na darasani zinatambulika kirahisi. Ya kwanza, kete imeshahama kwenye hesabu lakini kichwa bado kinaiona pale pa zamani. Kijana anasema "mraba wa d4 unalindwa na farasi wangu," kumbe farasi huyo hatua mbili zilizopita amekwenda e5. Ya pili, anaona amekwisha kushinda, basi anafunga hesabu, kama vile mpinzani hana tena zamu. Ya tatu ni ya waoga: kitisho cha hatua tatu baadaye anakiogopa kana kwamba kiko ubaoni sasa, anajilinda na jambo ambalo halijafika.

Ya kwanza ndiyo inayowapata wanaoanza, na dawa yake ni mazoezi ya picha, dakika 10 kila kikao kabla ya kupanga kete.

Anza na rangi za miraba bila ubao. Geuza herufi kuwa namba, a ni 1 hadi h ni 8, jumlisha na namba ya mstari. Jumla shufwa ni mraba mweusi, jumla witiri ni mweupe. e5 ni 5 na 5, jumla 10, mweusi. f7 ni 13, mweupe. c4 ni 7, mweupe. Baada ya wiki chache hawajumlishi tena, wanajua tu, na hapo wataona bila kufikiri kwamba askofu wa c4 na mraba wa f7 ni wa rangi moja.

Halafu farasi. "Mtoe b1 umfikishe g8, hatua chache iwezekanavyo." Jibu ni nne: c3, d5, e7, g8. Waulize kwa nini haiwezekani kwa tatu. Farasi hubadilisha rangi kila akiruka, b1 na g8 zote ni nyeupe, kwa hiyo idadi lazima iwe shufwa.

Zoezi la tatu ndilo zito. Chukua mchezo wowote ulioandikwa. Upange ubaoni hadi hatua ya 10, kisha usiguse tena. Soma kwa sauti hatua mbili za kila upande, polepole. Uliza maswali matatu: kete gani haina mlinzi sasa? Ni mshazari au safu gani imefunguka? Nani anaweza kutoa esheki? Wakijibu yote sawasawa, kikao kinachofuata soma hatua tatu, halafu nne. Wakikosa, panga ubao hadi pale picha ilipovunjika uwaonyeshe. Wengi huvunjikia kwenye kula, kwa sababu kete mbili zinahusika: moja inatoka ubaoni na nyingine inaacha nyumba yake wazi. Wafundishe kwamba kila hatua inayofikiriwa ina maswali mawili, "inagusa nini huko inakokwenda?" na "imeacha nini huko ilikotoka?" La pili ndilo linalosahaulika.

Hesabu ikiwa ndefu, wasiikimbize yote kwa pumzi moja. Baada ya hatua mbili wasimame, wazunguke ubao mzima kichwani, mfalme wangu yuko wapi, wake yuko wapi, malkia, ngome, kisha ndiyo waendelee. Wakipotea wanarudi kwenye picha hiyo ya katikati, si mwanzo kabisa. Bila hivyo kijana anaanza upya mara nne na saa inakwisha.

Vidole marufuku juu ya ubao. Na kuna jambo linaloshangaza wengi: hesabu ikifika mbali, kukodolea macho ubao kunavuruga, kwa sababu macho yanaona kete zilipo sasa, na kichwa kinazitaka kwingine. Mruhusu kijana atazame ukuta.

MzeeWaRoki, Goma

Wote mmesema vema. Mimi napinga lengo lenyewe kidogo, mwalimu. "Hatua nne mbele" ni kipimo kitakachokupotosha.

Mwanzoni mwa mchezo weupe wana hatua 20 halali na weusi 20, kwa hiyo baada ya zamu moja kwa kila mmoja ziko hali 400. Katikati ya mchezo hatua halali huwa zaidi ya 30 kila zamu. Hata ukipima tatu tu kila zamu, hatua nne za kila upande ni zamu nane, tatu zikizidishwa mara nane, yaani 6,561. Hakuna mtu anayezipita hizo. Adriaan de Groot, mwanasaikolojia wa Uholanzi, aliwasikiliza magwiji na wachezaji wa kawaida wakifikiri kwa sauti, akachapisha utafiti wake mwaka 1946. Magwiji hawakuwa wanakwenda mbali zaidi kwa tofauti kubwa. Walikuwa wanaanza na hatua zilizo bora, na zile mbovu hawakuzigusa kabisa.

Urefu unakuwa rahisi pale ambapo mpinzani hana uchaguzi. Panga hivi: weupe mfalme h1, malkia c4, farasi g5. Weusi mfalme h8, malkia b2, ngome d8, pioni g7 na h7. Weupe wanacheza.

Farasi f7, esheki. Mfalme lazima aende g8. Farasi h6, na hapo esheki ni mbili kwa mpigo mmoja, ya farasi na ya malkia aliyefunguliwa njia. Esheki mbili haziwezi kuzibwa wala kuliwa zote, mfalme lazima ahame. Akienda f8, malkia f7 ni mati, maana farasi wa h6 anamlinda. Akirudi h8, malkia anajitoa g8 na esheki. Mfalme hawezi kumla kwa sababu ya farasi, kwa hiyo ngome lazima imle. Farasi anarudi f7: mati, mfalme amezibwa na watu wake mwenyewe.

Hizo ni hatua nne kamili za weupe, na njia panda ni moja tu, f8 au h8. Kijana wa dama ataiona hii upesi kuliko mtoto aliyesoma vitabu vya ufunguzi, kwa sababu kufuata hatua za lazima ndiyo kazi aliyoizoea. Kwa hiyo usiwavunjie kipaji hicho. Wafundishe kutofautisha: hapa mpinzani amelazimishwa, nikimbie mbali, hapa ana uhuru, niende hatua moja na nusu, nipanue macho.

Hatua moja na nusu maana yake ni hii: hatua yangu, jibu lake bora, jibu langu. Ukiifanya hiyo kila zamu bila kuruka, kete za bure, zile zinazoachwa ziliwe bila malipo, zinakoma, na kwa umri huo michezo mingi inaamuliwa na kete za bure.

La mwisho, wafundishe pa kusimama. Hesabu isifungwe wakati bado kuna esheki, kitu cha kula au kitisho kikubwa ubaoni. "Nimekula ngome" si mwisho ikiwa zamu ijayo malkia wangu analiwa. Sogea mpaka ubao utulie, ndipo uhesabu mali: pioni 1, farasi na askofu 3, ngome 5, malkia 9.

PioniWaKadutu, Bukavu

Aksanti sana wote. Ile ya kubadilishana viti tunaanza kesho, na mfano wa g6 na c6 unaeleza shida yetu yote kwa mkupuo.

Nabaki na mawili. Mafumbo ya kwenye kaye wanayatatua vizuri, ila kwenye mchezo wa kweli hawaoni kitu. Na saa: kwenye mchezo wa dakika 15 kila mmoja, wanachoma dakika sita kwenye hatua moja halafu wanamalizia kwa kukimbia.

FarasiG5, Lubumbashi

La mafumbo lina sababu rahisi. Fumbo limeshamwambia kuna ushindi, na zamu ni yake. Kwenye mchezo hakuna anayemnong'oneza hivyo. Vilevile fumbo linamzoeza kuamini kwamba kafara ya kwanza inayong'aa, kete inayotolewa kwa makusudi, ndiyo yenyewe.

Changanya. Katika kila hali nne unazowapa, moja isiwe na ushindi wowote, na nyingine iwe ya kujilinda tu, mpinzani ndiye anayetisha. Hali ile ya farasi c6 ni nzuri kwa kazi hii: inafanana na ushindi, na jibu sahihi ni kukataa. Swali liwe lile lile daima, "weupe wanacheza, uamuzi wako ni upi na kwa nini?" Kamwe usiandike "weupe wanashinda". Mwenye simu anaweza kunakili hali kutoka Lichess, tovuti ya sataranji isiyo na malipo. Ainakili kwenye kaye siku mega zipo, mtumie wiki nzima.

Wape alama kwa hesabu waliyoiandika, si kwa hatua ya kwanza tu. Aliyepata hatua sahihi bila kuandika jibu gumu la mpinzani anapata nusu. Bila sharti hilo wanabahatisha.

MamaNgome, Bukavu

Na usiwape mafumbo ya mati peke yake. Mwisho wa mchezo wenye mfalme na pioni unafundisha hesabu kuliko kitu kingine, kwa sababu kete ni chache na picha haichoki, lakini hatua moja ikikosewa hakuna pa kujificha.

Wape hii ya Richard Réti, gwiji na mtunzi wa mafumbo, ya mwaka 1921. Weupe mfalme h8, pioni c6. Weusi mfalme a6, pioni h5. Weupe wanacheza na wanatakiwa watoe sare. Kwa macho haiwezekani: pioni nyeusi iko mbali na mfalme mweupe, na pioni nyeupe iko mikononi mwa mfalme mweusi.

Mfalme anatembea kwa mshazari: g7, f6, e5. Kila hatua inamsogeza kwenye kazi mbili kwa pamoja, kuifukuza pioni ya h na kuisaidia pioni ya c. Mfalme g7, pioni h4. Mfalme f6. Sasa weusi wakisukuma h3, mfalme anakwenda e7, h2, pioni c7, mfalme b7, mfalme d7, na pioni zote mbili zinakuwa malkia. Wakicheza mfalme b6 badala yake, mfalme mweupe anaingia e5. Hapo mfalme mweusi akila c6, mweupe anakwenda f4 na kuikamata pioni ya h4. Weusi wakisukuma h3, mfalme d6, h2, c7, mfalme b7, mfalme d7, na tena malkia kwa malkia.

Wape dakika 20, kaye na biki, ubao umepangwa, mkono hakuna. Waandike njia zote. Asiyemaliza aonyeshwe hatua ya kwanza tu, kisha arudi kuandika.

MzeeWaRoki, Goma

Kuhusu saa. Dakika sita kwenye hatua moja kwa kawaida ni kuzunguka: njia ya kwanza, ya pili, kurudi ya kwanza, kurudi ya pili. Alexander Kotov, gwiji wa Umoja wa Kisovieti, alidai mchezaji aorodheshe kwanza hatua zinazofaa kupimwa, kisha apite kila tawi mara moja tu. Kwa vijana inafaa kwa marekebisho haya: waorodheshe mbili au tatu, kila moja waitupie jicho la sekunde 20 kutafuta jibu la kuiua, ndipo wachague moja ya kuchimba. Hilo jicho la haraka huwa linafunga tawi moja bila gharama. Kurudi kwenye tawi kuna ruhusa pale tu walipogundua kitu kipya kwingine, kwa mfano mraba ambao hawakujua uko wazi.

Kwa mchezo wa dakika 15, dari iwe dakika mbili kwa hatua moja, na mara tatu tu kwa mchezo mzima. Wakati wa kuzitumia ni pale kete zinapogusana na kuna kula kuwili au zaidi kunawezekana, pale mfalme mmoja amekosa ngao ya pioni mbele yake, au kabla ya kubadilishana kete za mwisho na kubaki na pioni, maana kutoka hapo hakuna kurudi. Hatua nyingine zote ni ile moja na nusu, sekunde 20 hadi 30. Wasiojua dakika zimekwenda wapi waandike muda uliobaki pembeni ya kila hatua kwenye kaye. Baada ya michezo mitano wataona wenyewe wanachomea wapi, na mara nyingi ni hatua ya saba au ya nane, pale ufunguzi waliokariri ulipoishia.